Mkulima wa Mwisho: filamu ya Kitamil iliyonirudisha kwenye kitalu cha baba (uzi mrefu)

Mwana Majaruba

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimekaa nalo wiki tatu na hapa nilipo sina wa kuzungumza naye.

Kuna filamu inaitwa Kadaisi Vivasayi. Kwa Kitamil maana yake ni "mkulima wa mwisho". Ilitoka Februari 2022. Aliyeiandika, akaiongoza na kuipiga picha ni mtu mmoja, M. Manikandan, yule wa Kaaka Muttai, ile ya watoto wawili wa mtaa wa mabanda Chennai waliotamani kuonja piza. Kwa wale watakaosema "filamu ya Kihindi", nawasahihisha kwa upole: Kitamil ni lugha nyingine kabisa, ya kusini mwa India, ina maandishi yake na fasihi ya miaka zaidi ya 2,000, na filamu zake zinatengenezwa Chennai, si Mumbai.

Kisa kiko kijijini, upande wa Usilampatti, wilaya ya Madurai. Ni nchi kavu ile. Vilima vya mawe, visima virefu, udongo unaokubali ukipewa maji na kugoma usipopewa. Hapo anaishi mzee Mayandi, amepita miaka 80, masikio hayasikii vizuri, ana ng'ombe wake na kipande cha shamba ambacho amekataa kukiuza. Majirani karibu wote wameuza. Mmoja, anayeigizwa na Yogi Babu, aliuza shamba akanunua tembo, sasa anazunguka naye kutafuta riziki.

Basi mti mkubwa wa kijiji unapigwa na radi. Wazee wanakaa kikao, wanaona hiyo ni ishara: mungu wa ukoo hajafanyiwa sikukuu yake miaka mingi. Inaamuliwa ifanyike. Desturi inataka mpunga mpya, uliolimwa pale pale, marakkal moja. Marakkal ni kipimo cha nafaka, kama pishi ya wazee wetu. Ni kitu kidogo tu. Lakini kikao kizima kinatazamana. Kijiji cha wakulima hakina mtu wa kutoa pishi ya mpunga. Kuna Mayandi peke yake.

Mzee anakubali. Hatoi hotuba, anaanza kazi.

Asubuhi moja anakuta tausi wamekufa shambani kwake. Anawachimbia shimo, anawazika, anaendelea na shughuli zake. Kuna aliyeona, habari zinafika polisi, mzee anakamatwa kwa kuua tausi.

Hapo inabidi nieleze kidogo, maana mtu wa huku anaweza kudhani ni utani. Tausi ni ndege wa taifa la India tangu 1963, na sheria ya wanyamapori ya 1972 imemweka kwenye jedwali la kwanza, pamoja na simbamarara na tembo. Kumuua ni kesi nzito. Halafu kwa Watamil, tausi ndiye anayepandwa na mungu Murugan, na mahekalu mawili kati ya sita makuu ya Murugan, Thiruparankundram na Pazhamudircholai, yako huko huko Madurai. Mzee Mayandi ni mcha Murugan. Kumwambia kwamba ameua tausi ni kama kumwambia muumini kwamba amekichoma kitabu chake. Anashangaa tu. Hana hata hasira.

Hakimu, mwanamke, anamtazama na anaelewa mara moja kwamba huyu hajaua kitu. Lakini jalada limeshafunguliwa, na jalada likifunguliwa lina njia yake. Mzee anawekwa mahabusu mpaka polisi walete taarifa kamili. Na yeye shida yake mahakamani si jela. Shida yake ni nani atamwagilia mpunga.

Hakimu anamwagiza askari aende kumwagilia.

Nilisimamisha filamu hapo nikatoka nje.

---

Mwana Majaruba

(naendelea)

Nieleze kwa nini nilitoka nje.

Mimi kwetu Mbarali. Baba analima mpunga wa mfereji. Mwaka 2011 alikuwa na mgogoro wa mpaka wa jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga, na mtu mmoja, ukafika kwenye baraza fulani. Aliitwa mara ya kwanza, mjumbe mmoja hakufika, ikaahirishwa. Aliitwa mara ya pili, jalada halikuonekana. Mara ya tatu umeme ulikatika. Hakuna hata mtu mmoja pale aliyemchukia. Karani alikuwa anampa kiti, anamwita mzee wangu, anamwomba radhi. Kila safari ilikuwa siku mbili, kwenda na kurudi, na zamu yetu ya maji ilikuwa inaangukia siku hizo hizo.

Wanaojua mpunga wanajua ninachotaka kusema. Mche unatakiwa utoke kitaluni ukiwa na wiki tatu, ukichelewa sana nne. Ukizeeka kitaluni, hata ukiupandikiza vizuri namna gani, unaduwaa. Unasimama pale kama kijiti, hautoi machipukizi, halafu unawahi kutoa suke dogo lisilo na kitu. Yetu ilikaa karibu wiki nane. Namkumbuka baba amechuchumaa ukingoni mwa kitalu, aking'oa mche mmoja mmoja na kuutazama mizizi. Ilikuwa imekuwa ya kahawia, imeshikana kama nywele zilizosokotwa. Alikuwa anaurudisha tena ardhini kwa kidole gumba, anabonyeza udongo pembeni, kana kwamba ataupanda baadaye.

Kesi alishinda. Mavuno yalikuwa magunia sita, mahali alipozoea zaidi ya ishirini.

Ndiyo maana filamu hii naiona imesema jambo ambalo sijaliona likisemwa kokote. Tumezoea filamu za wakulima zenye tajiri mwenye masharubu na mjeledi, mkopeshaji, diwani mla rushwa. Humu watu karibu wote wanamtakia mzee mema. Hakimu anamhurumia, kijiji kinamhitaji. Na bado mpunga uko hatarini, kwa sababu kila mmoja anaishi kwa saa tofauti na ya mpunga. Jalada linaweza kungoja Jumatatu, mche hauwezi. Nani amekosa hapo? Nimetafuta wa kumlaumu tangu 2011 sijampata.

---

Mtazamaji Kisumu

Asante kwa uzi, ndugu. Niliianza nikaiacha njiani. Ni ndefu, karibu saa mbili na nusu, na hakuna kinachotokea. Mzee anaamka, anaoga, anafungua ng'ombe, anatembea. Kisha anatembea tena. Huyo jamaa mwenye mifuko ndiye alinimaliza kabisa.

---

Mwana Majaruba

Nakuelewa mkuu. Nikushauri kitu: usiitazame kama kisa, itazame kama siku ya kazi. Ule mwendo wa taratibu ndio mwendo wa mzee mwenyewe. Na anayemwigiza mzee si mwigizaji. Ni Nallandi, mkulima wa kweli, na wengi mnaowaona ni wanakijiji wenyewe. Tazama anavyoshika jembe la ng'ombe. Hasukumi. Ameweka mkono tu juu ya mpini, kama mtu anayemshika mtoto bega wakati wa kuvuka barabara, na mfereji unatoka umenyooka. Mwigizaji huwezi kumfundisha hilo kwa mwezi mmoja.

Nallandi alifariki kabla filamu haijatoka. Kwenye tuzo za taifa za India zilizotangazwa 2023, filamu ilichukua tuzo ya filamu bora ya Kitamil, na yeye akapewa heshima ya kutajwa kwa namna ya pekee. Alikuwa ameshazikwa.

Huyo mwenye mifuko ni Vijay Sethupathi, mnamjua, ndiye adui wa Shah Rukh Khan kwenye filamu ya Jawan. Humu ni Ramaiah, amefiwa na mpenzi wake na akili haikurudi sawa. Anazunguka mahekalu ya Murugan amejibebesha mizigo, na akikaribishwa chakula anataka na mpenzi wake naye aandaliwe sahani. Hakuna anayemcheka pale. Sahani inawekwa. Kijiji kinachomwandalia sahani mtu ambaye hayupo ndicho hicho hicho kilichoshindwa kupata pishi ya mpunga, na mimi nadhani mwongozaji ametaka tuyaone yote mawili.

---

Kalamu Nyeusi

Mimi ni wakili, nimeitazama baada ya kusoma uzi huu. Nataka kuongeza kitu kuhusu yule hakimu, kwa sababu wengi watamwona dhaifu.

Hakimu hawezi kufuta shauri kwa sababu tu moyo wake umemwambia mshtakiwa ni mwema. Akifanya hivyo leo kwa mzee Mayandi, kesho atafanya mwingine kwa tajiri wa mjini. Utaratibu ule ule unaomkwamisha mzee ndio unaomzuia polisi kumfunga mtu bila ushahidi. Kwa hiyo yeye anafanya kilichobaki ndani ya mamlaka yake: anampeleka askari shambani. Kwangu mimi amri ile ilikuwa nzito kuliko hukumu. Mahakama imekubali kwamba mpunga nao una masilahi katika shauri.

Pole kwa yaliyompata mzee wako. Nimekaa kwenye mabaraza ya namna hiyo upande wa mezani, na sijawahi kumuuliza mlalamikaji miche yake ina siku ngapi. Nitaanza kuuliza.

---

Mtu wa Matrah

Salamu kutoka Maskati. Hapa kazini nina wenzangu wa Kitamil, mmoja kwao ni Madurai. Nikamwonyesha jina la filamu, akaacha chai yake. Anasema babu yake alikuwa analima huko, sasa shamba limegawanywa viwanja na kuwekwa nguzo za mipaka, halijajengwa wala halilimwi. Kila akirudi likizo anapita na pikipiki bila kutazama upande ule.

Nilimuuliza habari za tausi. Kumbe huko kwao ni kero kweli. Wameongezeka sana mashambani, wanakula mbegu na suke, na kuwafukuza unaogopa. Wako wakulima walioshtakiwa kwa kuwawekea sumu. Kwa hiyo polisi kumshuku mzee si jambo la kubuni.

---

Mtazamaji Kisumu

Sawa, nimeirudia mpaka mwisho na nafuta niliyosema kuhusu mwendo. Lakini bado nina neno. Naona filamu kama hizi zinapamba umaskini. Mzee na ng'ombe wake, mbegu zake za kienyeji, jembe lake. Inapendeza kwenye kioo. Kijana wa leo umwambie arudi kwenye jembe la ng'ombe? Mbegu za kisasa ndizo zilizowatoa kwenye njaa hao hao Wahindi.

---

Mwana Majaruba

Hoja yako ni ya kweli na siikimbii. Mpunga wa IR8 ulitoka Ufilipino mwaka 1966, ukaingia India mara moja, na Tamil Nadu, jimbo la Watamil, ilikuwa mstari wa mbele. Ulikuwa mfupi, haulali kwa upepo, ukipewa mbolea unajibu. Watu walishiba. Mtu asiyekumbuka njaa asiuseme vibaya.

Lakini rudi kwenye lile onyesho la duka la pembejeo. Mzee anaingia, kijana muuzaji anamwonyesha mbegu, mazungumzo yanafika kwenye nyanya zisizo na mbegu ndani. Mzee anauliza hivi kwa dhati: huyo aliyezibuni, akizaa mtoto wa kiume asiye na mbegu ndipo ataelewa? Watu wanacheka. Mimi nilisikia hesabu. Mbegu chotara ukiihifadhi ukaipanda tena hairudi vile vile, mimea inatoka mchanganyiko, mmoja mrefu mwingine mfupi, mmoja unaiva leo mwingine wiki ijayo. Kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anatoa mbegu kwenye ghala lake, sasa ni mteja. Akikosa fedha msimu mmoja, amekoma kuwa mkulima. Mzee hapingi mavuno makubwa. Anachouliza ni ufunguo wa ghala uko kwa nani.

Na huko Tamil Nadu hilo halikuishia kwenye filamu. Alikuwepo G. Nammalvar, bwana shamba aliyeacha kazi ya serikali na kuzunguka vijijini miaka mingi akifundisha kilimo kisicho na kemikali, amefariki 2013. Mwanafunzi wake, Nel Jayaraman ("nel" maana yake mpunga), alikusanya aina zaidi ya 150 za mpunga wa asili na kuanzisha sikukuu ya mbegu upande wa Thiruthuraipoondi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mkulima anachukua kilo mbili za mbegu bure, mwaka unaofuata anarudisha nne. Hapo hakuna fomu wala mkopo. Alifariki Desemba 2018, na mbegu zinaendelea kuzunguka. Mappillai Samba, Karuppu Kavuni mweusi kama mkaa, Kattuyanam unaokua mrefu kuliko mtu.

Kuhusu vijana, sina jibu. Mimi mwenyewe naandika haya nikiwa mjini, na kitalu cha baba sijakikanyaga msimu huu.

---

Binti Usangu

Kaka, uzi mzuri, lakini kuna kitu mmekipita wote.

Nani anapandikiza mpunga? Hapa kwetu ni sisi. Na nimesoma kwamba huko Tamil Nadu pia upandikizaji ni kazi ya wanawake, wanapanga mstari majini, wanarudi nyuma wakiimba, wana nyimbo zake kabisa za kazi hiyo. Filamu imemweka mwanamume mmoja katikati ikamwita mkulima wa mwisho. Mama zake, dada zake, waliomaliza migongo kwenye majaruba yale, hawakuwa wakulima? Wao waliisha lini? Hakuna aliyewahesabu walipoondoka, ndiyo maana akabaki mmoja wa kuhesabika.

Sikatai uzuri wake. Nimelia kwenye lile la kuzika tausi, alivyowalaza kwa mpangilio. Lakini nimekaa na swali hilo.

---

Mwana Majaruba

Dada yangu, hilo sina la kujitetea. Hata kwenye kisa changu hapo juu nimesema "baba analima". Kitalu kile kilimwagwa na mama. Baba alipokuwa anakwenda barazani, mama ndiye alikuwa anabaki na zamu ya maji usiku, na tochi, na mimi sikumtaja hata mara moja. Nimeirudia sentensi ile nikaona aibu.

Ukipata nafasi tafuta Thanneer Thanneer, ya mwaka 1981, ya K. Balachander. Jina lake ni "maji, maji". Ni kijiji cha Athipatti, kimekauka, wanaomba serikali maji mpaka wanachoka, mwishowe wanachimba mfereji kwa mikono yao na serikali ile ile inawazuia. Humo mwanamke yuko katikati, Sevanthi, ameigiza Saritha. Mume wake ni askari, na mtu anayeleta maji kijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe anatafutwa na polisi. Yule mama amesimama kati ya mume na maji. Ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Komal Swaminathan, na Balachander alipata tuzo ya taifa ya uandishi bora wa filamu (screenplay). Miaka kama 40 kati ya filamu hizi mbili, na zote zina askari na maji. Ile ya zamani askari anakimbiza maji, hii ya sasa askari anatumwa kuyamwagilia shambani.

---

Mtu wa Matrah

Mwenzangu wa Madurai ameomba niulize: baba yako ameiona?

---

Mwana Majaruba

Nilipiga simu nyumbani baada ya maoni ya Binti Usangu, nikaomba niongee na mama kwanza. Tuliongea habari za 2011 karibu saa nzima. Kumbe kuna usiku mmoja alilala kwenye tuta la mfereji kwa kuogopa kwamba wenye zamu ya juu watafungua mapema.

Mwisho wa mwezi nilikwenda. Niliichukua kwenye simu, tukaiweka juu ya meza, wazee wawili wakasogeza viti. Kitamil hawajui na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, nikawa nawatafsiria. Baada ya nusu saa baba akaniambia ninyamaze, anaelewa. Ng'ombe walipoingia shambani alikuwa anawaelekeza kwa mdomo. Mama alimpenda Ramaiah, akasema huyo apewe maji ya moto aoge.

Lilipofika la mahakama wote wawili walikuwa kimya. Halafu askari akaonekana shambani, amekwenda kumwagilia kama alivyoagizwa. Baba akainama karibu kabisa na simu. Akaniuliza, "Huyo kijana amefungua saa ngapi? Kuna mtu amemwambia wakati wa kufunga?"

Mama akamjibu kabla yangu. "Hajaambiwa. Tazama anavyosimama."